Sanduku Lililojaa la Mfereji wa Chini

Mzee Isihaka hakuwa na cheti cha kidato cha nne, wala cha kidato cha pili. Hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, na baiskeli aliyokuwa nayo haikuwa na breki. Hakuwa na jino moja la mbele. Hakuwa na miwani yake mwenyewe, alisomea ya mkewe. Hakuwa na jaruba hata moja la mpunga, ingawa alikuwa katibu wa wakulima mia mbili na kumi na wawili wa mpunga. Hakuwa na subira na mtu anayekunja barua mara nne ili imwenee mfukoni. Na Jumanne moja asubuhi, hapo Ubaruku, aligundua kwamba amekosa kitu kingine ambacho katika miaka yake sitini na minane hakuwahi kudhani kama mtu anaweza kukikosa. Hakuwa na nafasi kwenye sanduku la barua pepe.

Habari hiyo aliletewa kwa simu na Nasrin, binti aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika Shirikisho la Wamwagiliaji, Iringa.

"Shikamoo mzee Isihaka."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

"Ile ile. Mzee, sanduku lenu limejaa."

"Limejaa nini?"

"Barua."

"Sanduku la barua likijaa barua ndiyo kazi yake. Lingejaa mahindi ningeshtuka."

Nasrin akacheka, kisha akamweleza taratibu. Barua pepe za vyama vyote thelathini na nane zilikaa kwenye seva moja, mashine isiyozidi ukubwa wa sanduku la soda, iliyofungiwa katika chumba cha nyuma cha Shirikisho. Kila chama kilikuwa na kipimo chake. Mfereji wa Chini, chama cha mzee Isihaka, walikuwa wamefika asilimia tisini na saba. Wakifika mia, barua mpya haitaingia. Itagonga mwamba na kurudi kwa aliyeituma.

"Na ratiba ya zamu za maji je?" Mzee Isihaka aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeacha mzaha.

"Inatoka Ijumaa, saa nane mchana. Inakwenda kwa vyama vyote kwa mpigo mmoja. Ikirudi, mfumo unaandika kwamba chama hakikupokea. Ambacho hakikupokea hakitathibitisha. Na ambacho hakikuthibitisha..."

"Zamu yake anapewa jirani."

"Sikutaka niliseme mimi, mzee."

Kanuni hiyo waliitunga wanachama wenyewe miaka miwili nyuma, walipochoshwa na watu wanaosema, "Barua hatukuiona," kila wanapofungua lango la maji siku isiyo yao. Na jirani wa Mfereji wa Chini alikuwa Mfereji wa Juu, watu wasiohitaji kubembelezwa wapokee maji.

Asiyelima mpunga anaweza kuuliza, zamu moja ikipotea kuna nini? Kuna msimu. Miche ya Mfereji wa Chini ilikuwa na siku kumi na tisa kitaluni. Majaruba yalikuwa yamelimwa yanangoja maji tu ili watu waanze kupandikiza. Zamu ikipotea, inayofuata ni baada ya siku kumi na sita, na mche ukikaa kitaluni muda wote huo unaota magoti, vile vifundo vya shina, na kuzeeka. Unaweza kuuhamisha, utasimama, utapepea vizuri, lakini ukija kuvuna utavuna majani.

"Nifanye nini?" aliuliza mzee.

"Rahisi. Fungua programu ya barua. Upande wa kushoto, chini, kuna folda za mashine yako mwenyewe. Unaishika barua iliyoko huku kwetu, unaivuta, unaidondosha kule. Ikitua kwako, kwenye seva haipo tena. Anza na zile za zamani."

"Yaani natoa barua kwenye kabati hai napeleka stoo ya kumbukumbu."

"Hayo maneno siyajui mzee, lakini yanasikika kama ndiyo yenyewe."

"Mwanangu, hiyo kazi nimeifanya kabla hujazaliwa."

Hakujisifu bure. Isihaka alizaliwa Iringa mjini, mjukuu wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyepanda kutoka pwani na kusahau kurudi. Alianza kazi Mbeya kama tarishi, kijana wa kubeba bahasha, na jioni akienda darasa la watu wazima, akikaa kwenye dawati lililotengenezewa watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Huko alisoma mpaka akapewa masijala, chumba cha majalada, akaitunza kwa miaka thelathini na mmoja bila jalada kupotea. Alipostaafu alihamia Ubaruku, kwao mkewe Mwantumu, akakusudia kupumzika. Alipumzika wiki mbili. Wiki ya tatu wakulima wa Mfereji wa Chini walimwendea wakiwa na kompyuta iliyonunuliwa kwa fundi mmoja wa Ilomba, Mbeya, ikiwa bado imezungushiwa blanketi, wakamwomba awe katibu wao. Kompyuta hakuijua. Alijifunza kwa kidole kimoja, na ndani ya mwaka mmoja kidole kile kilikuwa hakishikiki.

Jumatano asubuhi aliingia ofisini, chumba kilichopakana na stoo ya mbolea, akavaa miwani ya mkewe, akaanza kazi.

Na hapa ndipo yule karani wa zamani alipoponzwa na ukarani wake. Masijala ina sheria yake, na sheria hiyo Isihaka alipigiliwa kichwani na mkuu wake wa kwanza: barua haiondoki mahali pake peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Ukiitoa, pale ilipokuwa unaacha kikaratasi. Kikaratasi kinasema barua gani imetoka, imekwenda wapi, nani kaitoa na lini. Tena kikaratasi hutangulia, barua hufuata. Anayetoa barua bila kuacha kikaratasi hatofautiani na mwizi, hata kama ana ufunguo.

Sasa kikaratasi kwenye barua pepe kinaachwaje? Mzee alifikiri, akapata njia, na njia yenyewe ilimpendeza sana. Alifungua barua ya kwanza, akabonyeza mahali pa kuisambaza, na juu yake akaandika: "Barua hii imehamishiwa kwenye kompyuta ya ofisi, Ubaruku. Imetolewa na I. Katibu." Akaweka na tarehe. Kisha akaituma kwenye sanduku lile lile la Mfereji wa Chini. Kikaratasi kilipoingia, ndipo alipoivuta barua yenyewe na kuidondosha kwenye mashine yake. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu.

Saa saba mchana Mwantumu alimletea wali na mboga, akasimama nyuma yake akitazama.

"Baba Idrisa, si ulisema unapunguza?"

"Napunguza."

"Mbona naona unaandika?"

"Napunguza kwa utaratibu, Mama Idrisa. Anayepunguza bila utaratibu anapoteza."

"Haya. Kula kwanza, utaratibu haupoi. Wali unapoa."

Mpaka alasiri alikuwa amehamisha barua mia moja arobaini na tatu. Za mwanzo zilikuwa fupi, za mistari miwili mitatu. Za mwisho zilikuwa na picha: lango la maji likijengwa, ukingo uliobomoka, wazee wa kijiji wakiwa wamepanga foleni mbele ya mfereji kama wanaosubiri chanjo. Akafunga ofisi, akaenda kuswali, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyemaliza kujenga.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, pikipiki ilisimama mlangoni. Alikuwa Anord, katibu wa Mfereji wa Juu, Mbena mwenye kifua kipana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili ya mto. Mbali na ukatibu, alisimamia mashine ya kukoboa mpunga pale sokoni.

"Kamwene, Katibu!"

"Kamwene, Anord. Mbona mapema?"

"Nimeleta barua kwa miguu. Jana jioni nimekutumia kwa kompyuta, barua ya siku ya kusafisha mfereji. Imenirudia! Imerudi na Kizungu chekundu. Nikampa binti yangu asome. Akaniambia, 'Baba, hawa watu wameshiba. Hawawezi kumeza tena.'"

"Haiwezekani. Jana nimetoa barua mia na arobaini na tatu."

"Basi umezitoa mlango wa mbele zikaingia mlango wa nyuma," alisema Anord, akajicheka mwenyewe mpaka akashika mgongo wa kiti. "Mzee wangu, sisi wa Juu hatuna neno. Maji yenu yakikosa mtu, tutayatunza."

Hapo hapo mlangoni aliingia Mama Blandina, mwenyekiti wa Mfereji wa Chini. Alikuwa mjane mrefu, na matope ya kitaluni yalikuwa bado kwenye ndala zake.

"Katibu, haya ninayoyasikia nje ni kweli?"

"Mwenyekiti, ngoja nitazame."

Akawasha kompyuta. Ilichukua muda wake kama kawaida, wote watatu wakiikodolea macho. Kisha tarakimu zikatokea kwenye kona: asilimia mia moja.

Mzee Isihaka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mia moja ikabaki mia moja.

"Jana ilikuwa tisini na saba," alisema polepole.

"Kwa hiyo umepunguza kwenda juu," alisema Mama Blandina. Hakucheka. "Katibu, miche yangu leo ina siku ishirini na moja. Nimekopa ng'ombe wa kulimia, nimemwomba shemeji yangu atoke Uyole aje anisaidie kupandikiza. Nitamwambia nini? Kwamba kompyuta imevimbiwa?"

Mzee Isihaka aliuma mdomo pale penye pengo la jino, kisha akachukua simu, akampigia Nasrin. Akaiweka sauti ya juu, maana hakuwa mtu wa kuficha.

Nasrin alilitazama sanduku kutokea upande wa Iringa. Halafu ikasikika sauti kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee... hizi zilizoandikwa 'Imetolewa na I. Katibu' ni nini?"

"Vikaratasi. Kila barua niliyoitoa nimeiachia kikaratasi."

"Mzee wangu, umeisambaza barua nzima. Na picha zake. Umetoa gunia la mchele, pale lilipokuwa ukaweka kibao kinachosema 'gunia limetoka hapa,' na kibao chenyewe ukakifunga kwenye gunia lingine la mchele ule ule."

Anord alitoka nje kwenda kucheka huko.

"Halafu," Nasrin aliendelea, "kila ulichotuma, seva imejiwekea nakala kwenye folda ya zilizotumwa. Kwa hiyo umetoa gunia moja, umeingiza mawili."

Mzee alizungumza kama karani anayesimama mbele ya mkuu wake.

"Kosa ni langu. Mwenyekiti yupo hapa anasikia. Sasa niambie dawa."

"Dawa ni kufuta vikaratasi vyote. Vilivyoingia na vilivyotumwa. Kisha ndiyo tuhamishe zile nzito zilizobaki."

"Nifute mia mbili themanini na sita?"

"Zote. Unaziweka alama kwa pamoja, unabonyeza mara moja."

"Hilo sifanyi."

Mama Blandina aligeuka. "Katibu!"

"Sifanyi peke yangu," alisema mzee. "Mwenyekiti, miaka thelathini na mmoja sijaharibu karatasi bila kamati. Kumbukumbu haiteketezwi na mtu mmoja. Inakaa kamati, kuna mwenyekiti, kuna katibu, na kuna shahidi kutoka nje ambaye hana faida na kinachoteketezwa. Wanaandika muhtasari, wanasaini. Leo nikifuta kwa kidole changu kimoja, kesho mtu akija kuuliza ilikuwaje, nitamwonyesha nini? Kidole?"

"Mzee, ni vikaratasi tu," alisihi Nasrin.

"Jana nilidhani hivyo hivyo."

Kwenye simu ikasikika pumzi ndefu. "Basi mzee undeni kamati, ila iwe leo. Nami niko hapa nawangoja."

Ndipo umeme ukakatika.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na feni ya ofisini ikazunguka mara tatu za kuaga. Baada ya nusu saa habari ikafika: nguzo imeanguka njia ya kwenda Rujewa, mafundi wanasema mpaka Jumamosi. Na ratiba ilikuwa ya Ijumaa.

Ubaruku nzima, siku kama hiyo, jenereta kubwa inayoaminika ilikuwa moja. Ilikuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Ile anayoisimamia Anord.

Anord alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki yake, hacheki tena. Alikuwa amelisikia lote na alijua linakoelekea. Alitazama barabarani, akatazama ndala za Mama Blandina, akatazama juu.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Watu wangu wa Juu wakisikia nimewapa umeme wa kuyazuia maji yasije kwetu, nitaukimbia mji huu."

"Anord," alisema Mama Blandina, kwa upole wa kutisha, "mama mkwe wako kitalu chake kiko wapi?"

Anord alifuta vumbi kwenye kioo cha pikipiki.

"Nakuuliza mwanangu. Kiko Mfereji wa Juu au Mfereji wa Chini?"

"Wa Chini," alisema Anord, chini chini.

"Ana miche ya siku ngapi?"

"Mama, basi."

"Mimi nitapita kwake jioni. Nimwambie kwamba mkwe wake anamsalimia, anasema asubiri siku kumi na sita?"

Kwa Wabena mkwe ni mkwe. Unaweza kumkopa ndugu yako usimlipe, unaweza kumnunia jirani mwaka mzima, lakini mama wa mkeo huwezi kupishana naye njiani ukiwa umemkosea. Anord alishuka kwenye pikipiki kama mtu aliyezeeka ghafla.

"Leteni hilo kopo lenu," alisema. "Lakini mashine haitazimwa. Wateja wana mpunga wao pale."

Basi kompyuta ikaviringishwa tena kwenye blanketi, ikapelekwa mashineni kwa toroli la kubebea magunia, mzee akiwa pembeni ameshika kioo kwa mikono miwili. Wakaiweka juu ya magunia matatu ya mchele, mbali kidogo na pale pumba zinapotokea. Mbali kidogo haikusaidia. Ndani ya dakika kumi katibu, mwenyekiti na kompyuta walikuwa na rangi moja, kama watu waliopikiwa chapati kichwani.

Na pale, kwenye kelele ile, kikafanyika kikao rasmi cha Kamati ya Kuteketeza Vikaratasi.

"Nafungua kikao!" alipiga kelele Mama Blandina.

"Shahidi kutoka nje, jina lako!" alipiga kelele mzee, kalamu mkononi.

"Si unanijua!"

"Kwa ajili ya muhtasari!"

"Anord! Katibu, Mfereji wa Juu!"

"Una faida yoyote na vikaratasi hivi kuteketezwa?"

"Nina hasara!"

"Andika hana faida," alisema Mama Blandina.

Wakulima waliokuja kukoboa walisogea kutazama. Mmoja aliuliza kama kuna harusi. Mzee Isihaka alisoma azimio kwa sauti ya msikitini: kwamba kamati imekagua vikaratasi mia mbili themanini na sita, imejiridhisha kwamba barua zenyewe zimehifadhiwa kwenye kompyuta ya ofisi, na imekubali vifutwe.

"Mmejiridhishaje?" iliuliza sauti ya Nasrin, iliyokuwa imebanwa kati ya bega na sikio la mzee. "Mzee, kabla hujafuta, chomoa modemu. Halafu fungua barua mojawapo uliyoihamisha jana. Ikifunguka bila mtandao, iko kwako kweli. Isipofunguka, ni kivuli chake tu."

Mzee alikichomoa kile kidude cha mtandao, akakishika kiganjani. Kidole chake kilitafuta, kikachagua barua ya miaka saba nyuma, kikabonyeza. Ikafunguka. Picha ikashuka taratibu, yote, hadi ukingoni: lango la maji siku lilipofunguliwa mara ya kwanza, watu wamesimama majini, na katikati yao mwanamume mwembamba ameinua jembe juu kama mtu aliyeshinda kombe.

Mama Blandina aliinama karibu na kioo. Mwenye jembe alikuwa marehemu mumewe.

"Hii sikujua kama ipo," alisema. Kelele ilikuwa kubwa, lakini walimsikia.

"Ipo," alisema mzee. "Na haiendi popote. Iko kwenye mashine yetu sasa, hata Iringa kukiungua."

Akajaribu nyingine nne, zote zikafunguka. Ndipo wajumbe wakasaini, watatu, kwenye karatasi iliyojaa pumba. Mzee akarudisha modemu, akaweka alama kwenye vikaratasi vyote, akasema bismillahi, akabonyeza. Vikatoweka. Alitazama kona: asilimia mia moja.

"Nasrin!"

"Ziko kwenye takataka mzee. Takataka nazo zinahesabiwa. Umezitoa jikoni ukazimwaga uani. Uani ni kwako bado. Mwaga nje kabisa."

Akamwaga nje kabisa. Asilimia tisini na tatu. Wakaanza kuhamisha picha, moja moja, safari hii bila kikaratasi, na kila moja ilipotua Mama Blandina aliita tarakimu kama mtu anayenadi kuku: themanini na nane, sabini na tisa, sitini. Mtandao ulikatika mara mbili, wakasubiri. Wateja wakakoboa mpunga wao, wakabeba, na wengine hawakuondoka. Jua lilikuwa bado liko juu ya paa la soko walipofika asilimia tisa.

"Imetosha mzee," alisema Nasrin. "Hapo mnaweza kupokea ratiba za miaka mitatu."

"Bado kitu kimoja," alisema mzee Isihaka. "Siwezi kuacha pale pakiwa peupe. Ukinikatalia, nitakuja Iringa."

"Mzee, kikaratasi kingine?"

"Kimoja. Cha zote. Maneno matupu, hakuna picha."

Nasrin alifikiri. "Kimoja hakina uzito wa punje. Andika."

Akaandika kwa kidole chake: "Barua zote za miaka saba iliyopita zimehamishiwa kwenye kompyuta ya ofisi, Ubaruku. Mwenye shida nazo amwone Katibu." Akaituma. Ikaingia. Asilimia tisa ikabaki tisa.

"Unajua mzee," alisema Nasrin, "vyama vingine vimehamisha barua zao, na ukiwauliza ziko wapi hawajui. Hicho kikaratasi kimoja nitawaambia wote wakiandike."

Mzee alifunga kifungo cha juu cha shati.

Ijumaa, baada ya swala, alifika mashineni akiwa bado na kanzu. Mama Blandina alikuwa ameketi kwenye gunia tangu saa tano. Anord alijifanya ana kazi ya kukaza mkanda wa mashine, mkanda ambao haukulegea. Saa nane ikafika, hakuna kitu. Saa nane na dakika tano, hakuna kitu. Saa nane na dakika tisa kidude cha mtandao kikapepesa taa yake, na barua ikaingia, ikalala juu ya kile kikaratasi kimoja.

Mzee alisoma kwanza kimoyomoyo, kama alivyofundishwa. Kisha kwa sauti: "Mfereji wa Chini. Jumatatu, alfajiri, siku nne."

Mama Blandina alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha na kuupandisha mara nyingi. Kisha akampigia shemeji yake wa Uyole, akamwambia aje na buti.

"Na wa Juu?" aliuliza Anord.

"Ijumaa ijayo. Hujanyang'anywa kitu."

"Sikuuliza kwa ubaya," alisema Anord, na mkanda ukaonekana umekaza vya kutosha.

Kupokea kulikuwa nusu ya kazi. Uthibitisho, kwa kanuni ile ile, ulitakiwa ufike Iringa kwenye karatasi, wenye saini ya mwenyekiti na muhuri wa chama, kabla ya saa sita Jumamosi. Duka la kuchapa lilikuwa limefungwa kwa sababu ya umeme. Mzee hakuhangaika. Alichukua karatasi ya mistari, akaifuta pumba, akaandika kwa mkono, herufi zile zile za darasa la jioni zilizosimama wima kila moja kwenye mstari wake. Mama Blandina akasaini. Muhuri ukapigwa, bluu, haukuyumba.

Akaikunja mara mbili tu, akaitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka zamani, haikushika hata kwa mate. Mwantumu, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana, alifunua sahani, akachukua punje tano za wali, akazisaga kwa kidole kwenye ule mdomo wa bahasha, akaubana.

"Hapo atakayeifungua ataichana," alisema.

Wakapanda pikipiki ya Anord, mzee nyuma, kanzu ameikusanya mapajani, bahasha kifuani. Igawa, kwenye barabara kuu, walilikuta basi la kutoka Mbeya linaloelekea Iringa likiwa limesimama, utingo mlangoni anapiga bati kuita watu.

"Ofisi ya Shirikisho, mapokezi, mkononi mwa Nasrin," alisema mzee. "Saini hapa."

"Nisaini wapi tena, babu?"

Mzee alikuwa ameshatoa daftari la kusafirishia barua, limefunguliwa kwenye ukurasa wake, tarehe imekwisha kuandikwa. "Hapa. Jina, saini, namba ya basi."

"Babu, gari linaondoka!"

"Likiondoka bila saini linaondoka bila barua."

Dereva akapiga honi. Abiria wa siti ya mbele akasema, "We konda, msainie mzee wa watu tuondoke." Utingo akaliweka daftari juu ya goti, akasaini, akaongeza namba ya basi na, kwa kujionyesha, namba yake ya simu. Mzee Isihaka alisoma yote, neno kwa neno, kwa miwani ya mkewe, akaridhika. Ndipo akaitoa bahasha kifuani, akaibonyeza mdomo mara ya mwisho kwa dole gumba, akamkabidhi.